Kidole Gumba cha Mama Somoe

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya alama za vidole, pale Masasi, nilipewa kazi ya kunywa soda. Nasema kweli tupu. Sajini Meja aliyeiongoza ofisi ile, mzee mfupi ambaye mkunjo wa pasi kwenye suruali yake ungeweza kumenya muhogo, aliniwekea chupa nne mezani, akasema, "Kunywa." Nikajua nimependwa. Nilipomaliza, tumbo limejaa gesi, akazinyanyua chupa zile kwa kuzishika mdomoni na kitakoni, asiguse ubavu, akazipanga dirishani. "Sasa nitafutie mahali ulipozishika," akasema. "Leo hutoki humu mpaka unioneshe vidole vyako vyote kumi."

Nilitoka saa kumi na moja jioni, nimepata vitatu. Kesho yake tukaanza upya, na safari hii soda nilinunua mwenyewe.

Vijana wanaokuja kunitembelea huku Newala wananiuliza tulifanyaje kazi bila kompyuta. Tulikuwa na sanduku la mbao. Ndani yake mna brashi ya manyoya laini, unga wa aina mbili, mweusi kwa kitu cheupe na wa kijivu kwa kitu cheusi, utepe wa kunata wa kuinulia alama, kadi za kuibandika, kioo cha kukuzia, na sahani ya wino. Unapitisha brashi juu ya kitu kwa upole mpaka unga unase kwenye jasho lililoachwa na kidole, na mistari inajitokeza. Ukikandamiza, umemfuta shahidi wako. Sajini Meja akikuona unakandamiza alikuwa anakohoa tu, na kikohozi kile kilikuwa kibaya kuliko tusi.

Ndiye aliyenifundisha kuisoma mistari yenyewe. Mingine huingia upande mmoja wa kidole, ikapinda, ikarudi ilikotoka. Hiyo tuliiita kitanzi. Mingine huzunguka katikati, nayo ni kizingia. Na mingine, michache, hupanda kidogo na kushuka upande wa pili bila kurudi. Hilo ni tao. Kila mtu ana yake, na anakufa nayo. "Lakini kidole hakina mdomo, Chilumba," alikuwa akiniambia. "Mdomo ni wako. Uangalie unachokisemea." Nilikuwa naitikia "Ndiyo, afande," kwa haraka, na sikuelewa hata nusu yake. Yule mzee nilimpenda, na hata leo nikishika glasi mkahawani naishika kitakoni.

Baada ya miaka minne nikavishwa ukoplo na kuhamishiwa kituo kimoja cha huku juu, kwenye uwanda wa Makonde. Jina la kituo nitaliacha, na wakubwa wangu nitawataja kwa vyeo, maana wengine wana wajukuu wanaosoma. Gari lilipomaliza kupanda mlima nikakutana na ukungu na baridi ambayo sisi watu wa Masasi hatuna. Nilikuwa na shati moja la mikono mirefu. Maji yalikuwa ya kupimiana kwa kopo, na nikapewa ndoo moja kwa siku, kuoga humo, kufua humo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipowafungulia watu binafsi biashara. Aliyezaliwa juzi haelewi neno hilo lilivyokuwa na utamu. Maduka yaliyokuwa yakiuza sabuni kwa mgao sasa yalikuwa na redio, mitumba na biskuti za rangi zote. Wanunuzi binafsi wa korosho walijaa vijijini na mizani zao. Lakini ruksa ilikuwa na upande wake wa pili. Kiwanda cha kubangulia korosho, ambako wanawake wengi walifanya kazi kwa zamu na kupewa glovu, kilifungwa, nao wakarudi kubangua nyumbani kwa mawe na mikono mitupu. Na salfa, ule unga wa manjano unaopulizwa kwenye mikorosho ili ugonjwa wa ubwiri usiue maua, zamani ililetwa na ushirika. Sasa aliuza kila mwenye baiskeli na mdomo.

Mkuu wangu huko alikuwa Mkuu wa Upelelezi wa Wilaya, nami nitamwita Mkuu basi. Alitoka mkoa wa mbali, kwenye ng'ombe na mtama, mkorosho hakuwahi kuuona mpaka alipohamishiwa kusini. Mtu mrefu, msafi, mkali kwa uvivu, na mwenye akili inayokimbia. Askari akimletea mtuhumiwa aliyevimba uso, aliyetiwa ndani siku hiyo alikuwa askari. Alisema ngumi ni ushahidi wa mpelelezi aliyeshindwa. Wengine walimcheka kichinichini. Mimi nilimwona ni mtu wa kufuatwa, na sijabadilisha mawazo.

Mkuu ndiye aliyetuletea televisheni bwaloni, na deki yake, na kanda alizoletewa na shemeji yake kutoka Dar es Salaam. Umeme wa jenereta ukiwaka jioni tunajipanga kwenye mabenchi. Kanda aliyoipenda kupita zote ilikuwa ya tamthilia ya Kizungu, ya wapelelezi wanaovaa makoti meupe, wanaopima unywele mmoja na kumkamata mtu. Kiingereza chao kilikwenda mbio, basi Mkuu alikuwa anasimama kando ya kioo na rula, akitufasiria.

"Tazameni! Huyu mama amelaza tochi sakafuni. Kwa nini? Haya, nani anajua? Kwa sababu mwanga ukija kwa ubavu, hata alama isiyoonekana inatupa kivuli! Koplo, andika hiyo!"

Niliandika. Na siwafichi, nami ilinishika. Yule mama wa kwenye kioo alikuwa anapiga magoti mbele ya zulia kama anayeswali, hagusi kitu mpaka amekitazama pande zote. Nilikuwa nakwenda kulala nikitamani kufanya kazi vile. Sehemu moja tuliirudia mara tatu. Ndani yake muuaji anatumbukiza vidole kwenye bakuli la tindikali ili asitambulike, akaja kukamatwa kwa sababu hiyo hiyo, kwamba mtu asiye na lake hawezi kuchoma vidole vyake. Mkuu alipiga meza kwa furaha. "Mmeona? Kukosa alama nako ni alama!"

Wiki hiyo hiyo tukapata maiti.

Karibu na Chilangala palikuwa na muuza salfa mmoja, aliyehamia kutoka pwani na kufungua duka la bati na miti. Asubuhi moja walimkuta amelala nyuma ya kaunta, amepigwa kichwani kwa jiwe la mizani. Kando yake ilikuwepo taa ya chemni imeanguka, na kwa maajabu ya Mungu kioo chake hakikuvunjika. Nilipiga magoti kama yule mama wa televisheni. Nikalaza tochi. Kwenye kioo kile, katika ukungu mwembamba wa masizi na salfa, palikuwa na kidole gumba kimoja. Hata unga sikuhitaji. Kizingia safi, mistari yote inahesabika, na katikati kovu dogo la kukatwa. Kwa miaka yote niliyofanya kazi sikuona alama nzuri kuliko ile. Nilijikuta natabasamu mbele ya maiti, nikaona haya.

Tukauliza nani aligombana na marehemu. Kijiji kizima kikatupa jina moja, Mama Somoe. Mjane wa miaka hamsini hivi, mwenye mikorosho aliyoachiwa na mumewe. Marehemu alikuwa amemuuzia salfa iliyochanganywa na unga wa muhogo, akaipuliza yote, na ubwiri ukala maua ya mwaka mzima. Alikwenda dukani akamrushia unga ule usoni mbele ya watu, akisema, "Mungu akulipe kabla mabibo hayajaiva!" Kisha akaenda kwa mtendaji wa kijiji akaandikiwa barua ya malalamiko, akaiwekea dole mahali pa sahihi. Siku mbili baadaye mtu amekufa. Mtendaji mwenyewe alitukabidhi ile barua, nami nikaitia kwenye jalada kuwa ushahidi wa ugomvi.

Mkuu alimkamata siku ya gulio. Na hapo alifanya jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Watu walipotuzunguka wakiuliza, alipaza sauti akasema, "Tumemkamata muuaji, tawanyikeni." Mama Somoe alikuwa amebeba kichwani ming'oko ya kuuza, ile mizizi ya porini tunayoichemsha na kuila. Akaitua chini taratibu, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Nani atakayenitazamia ming'oko yangu?" Tukamwondoa, ming'oko ikabaki pale pale.

Kituoni nikamwambia, "Shikamoo, mama," akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Nikamkalisha, nikausambaza wino kwenye sahani, nikamshika mkono wa kulia ili nimchukue alama. Nilipokigeuza kidole gumba nikaona kitu ambacho nilikuwa nakijua tangu utotoni. Ncha ya kidole ilikuwa laini na nyeusi, ngozi imebabuka, ikaota, ikababuka tena. Vyote kumi vilikuwa hivyo. Nikavipaka wino, nikavibingirisha kwenye fomu, nikapata madoa kumi meusi yasiyo na mstari hata mmoja.

Nani wa huku kusini asiyejua mafuta ya ganda la korosho? Ukilipasua yanatoka meusi, na yakikugusa yanakula ngozi. Mama yangu mzazi alibangua korosho Masasi miaka yote ya utoto wangu. Alikuwa anajipaka majivu, hayakumsaidia, na akitushika mashavu tulikuwa tunahisi makwaruzo. Nilijua. Naomba msomaji anisikie vizuri: nilijua.

Mkuu akaichukua ile fomu, akaipeleka dirishani. Nikaona uso wake unang'aa kama siku ya ile kanda.

"Amezichoma," akasema.

"Afande, huyu mama ni mbanguaji. Hawa wabanguaji vidole vyao..."

"Wiki iliyopita tu tumeona jambo hili kwa macho yetu! Kaua, akakumbuka alishika taa, akavichoma. Ulikuwa macho bwaloni au ulisinzia?"

"Nilikuwa macho, afande. Ila mafuta ya korosho..."

"Kama ni mafuta ya korosho, basi ndiyo aliyotumia. Tindikali ataitoa wapi hapa? Mwerevu huyu. Andika: alama za vidole zimeharibiwa kwa makusudi."

Nikaandika. Kwa mkono wangu huu. Kwa makusudi. Nikatia sahihi na cheo chini yake. Kwa utaratibu jalada lile lingeondoka Jumatatu ya wiki ya pili kwenda mkoani, Mtwara, na kesi ya mauaji haina dhamana. Mtu anakaa mahabusu mwaka, miwili, hata zaidi, akingoja kikao cha jaji, na mwisho wake ni kitanzi cha kamba. Nilikuwa nayajua yote hayo. Lakini nilijiambia wataalamu wa makao makuu watagundua wenyewe. Uoga una maneno matamu jamani, tena unayasema kwa sauti yako mwenyewe.

Siku zikapita. Mama Somoe hakulia na hakupiga kelele. Kila asubuhi aliomba jambo moja tu, ahesabiwe siku zilizobaki kufika Jumamosi. Tulidhani anachanganyikiwa. Kumbe binti yake Somoe alikuwa ndani, yuko unyagoni, na Jumamosi ile ndiyo siku ya kumtoa mwali. Ijumaa akaja kituoni kungwi wake, mwanamke mzima mwenye ndonya kwenye mdomo wa juu, fimbo mkononi, akasimama mbele ya meza yangu bila kukaribishwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ninyi mmemweka mahabusu mama wa mwali. Mwali anatolewa na nani?"

"Mama, ni amri ya serikali. Ni kesi ya kuua."

"Kesi nimeisikia. Mmesema amevichoma vidole." Akanionesha viganja vyake viwili, kisha akavikandamiza juu ya meza yangu. "Basi nami nikamate. Ukimaliza hapa panda gari twende kijijini, ukamate wote. Wewe kwenu wapi?"

"Masasi, mama."

"Masasi!" Akacheka cheko fupi, kavu. "Nilidhani umetoka Ulaya."

Akaondoka. Nilibaki nayatazama madoa ya mikono yake kwenye vumbi la meza, hayana mistari. Nikashikwa na hasira, tena hasira yenyewe sikuielewa ni ya nani. Nikaenda kabatini nikalitoa jalada ili nisome tena taarifa yangu, nione kama kuna neno la kuchomeka. Hapo ndipo ile barua ya malalamiko ilipoangukia sakafuni.

Nilikwisha kuisoma mara tano. Nilisoma maneno yake: salfa mbovu, unga wa muhogo, naomba haki yangu. Mimi, mtu niliyekunywa soda za watu nikajifunza vidole, nilisoma maneno kama karani, na chini yake palikuwa na dole sikulitazama. Ilikuwa imeandikwa na mtendaji, ina tarehe, na imepigwa mhuri wa kijiji siku mbili kabla ya mauaji. Nikaiweka juu ya meza, nikafunga dirisha, nikalaza tochi kama tulivyofundishwa na ile kanda. Halafu nikachukua kioo cha kukuzia.

Doa. Wino wa bluu, duara, halina mstari hata mmoja.

Vidole vyake vilikuwa vimekwisha kufutika kabla muuza salfa hajafa. Asingeweza kuvichoma kwa ajili ya kosa ambalo halijatendeka, na asingeweza kuacha kizingia kisafi namna ile kwenye kioo cha taa. Karatasi tuliyoitunza ili imfunge ndiyo ilikuwa ikimtoa, na ilikuwa kwenye kabati langu siku zote hizo.

Sikubisha hodi. Nilimkuta Mkuu anakunywa chai na muhogo wa kuchemsha. Nikaweka mbele yake barua, fomu na tochi. Nikamwambia tarehe.

Alisoma. Akainuka mwenyewe akafunga dirisha, akalaza tochi, akainama. Alikaa ameinama muda mrefu hata chai ikaota utando. Aliponyanyuka, uso wake ulikuwa wa mtu mwingine.

"Hili dole umelijua lini?"

"Sasa hivi, afande."

"Na mafuta ya korosho?"

Nikaitazama ile fomu.

"Nakuuliza, Koplo. Mafuta ya korosho umeyajua lini?"

"Tangu mtoto, afande. Mama yangu alikuwa mbanguaji."

"Mama yako." Akakaa. "Nami nikakunyamazisha kwa sababu ya filamu." Nilidhani atanifokea, hakunifokea. "Sikiliza. Siku nyingine nikikuamuru uandike uongo, kataa mbele ya uso wangu. Nitakuadhibu. Halafu nikipata akili nitakushukuru. Lakini usiniache nimpeleke mama wa watu kwenye kamba kwa heshima zako."

Wakubwa niliofanya nao kazi walikuwa wengi. Wenye uwezo wa kusema maneno yale kwa koplo, nimemjua mmoja.

Akaandika kwa mkono wake: mtuhumiwa aachiwe, kosa ni la mkuu wa upelelezi. Hakuandika "ofisi", hakuandika "imeonekana kwamba". Ukurasa wangu haukung'olewa. Aliniagiza niandike mwingine wa kuusahihisha na kuuweka juu yake, ili yeyote atakayelifungua jalada aone tulivyokosea na tulivyorudi. Jioni ile ile Mama Somoe akapelekwa kwao kwa gari la kituo.

Jumamosi tukaenda Chilangala, mimi na Mkuu. Ngoma zilikuwa zimekwisha kuanza, vumbi jekundu limepanda mpaka magotini. Somoe alitolewa amevikwa kanga mpya, ameinamisha uso, na mama yake yuko mbele anacheza, anazungusha kitambaa. Tulisubiri pembeni mpaka ngoma ikapumzika. Mkuu akavua kofia, akaenda katikati ya uwanja.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mama Somoe akakikunja kitambaa chake, akaitikia. "Marahaba."

"Mimi ndiye niliyekukosea. Nilikuita muuaji, wewe si muuaji. Nilifuata akili yangu sikuuliza wenyeji. Nimekuja kukuomba radhi mbele ya ndugu zako."

Nilitegemea vigelegele. Havikupigwa. Mama Somoe akafuta jasho kwa ncha ya kanga, akamtazama kwa utulivu.

"Nimekusikia, baba. Lakini jina langu hukulichafulia hapa. Hapa wananijua. Ulilichafulia gulioni. Nenda kalisafishe kule kule."

"Nitakwenda, mama."

"Na ming'oko yangu ililiwa na mbuzi."

Hapo ndipo watu walipocheka, na vigelegele vikafuata.

Siku ya gulio Mkuu aliazima kipaza sauti cha muuza dawa za panya, akapanda juu ya kreti, akayasema yale yale kwa sauti ile ile aliyomwitia muuaji. Askari wenzangu walijificha nyuma ya magunia kwa aibu. Mimi nilisimama karibu naye, na nilijiona nimesimama mahali pazuri. Kisha akanunua ming'oko yote ya wauzaji wawili, akaituma kwa Mama Somoe.

Na muuaji? Tulipoacha kutazama vidole vya wanawake, tukawatazama waliokuwa wakishika unga na salfa pamoja. Marehemu alikuwa na mshirika wa kuchanganya. Walikuwa wamegombana baada ya Mama Somoe kwenda kwa mtendaji, mshirika anataka wakimbie, mwenzake hataki. Tulimpata Masasi. Kidole gumba chake kilikuwa na kizingia, katikati kovu la kisu cha kumenyea muhogo. Alipooneshwa picha mbili, ya taa na yake, aliomba maji tu.

Tangu hapo Mkuu aliongeza mstari kwenye fomu zetu, kwa kalamu, juu kabisa: kazi ya mtu na hali ya mikono yake. Hukuruhusiwa kufungua wino kabla hujaujaza. Nilikwenda nao vituo vyote nilivyohamia baadaye, mpaka nikawa Sajini Meja na mimi, nina vijana wangu wa kuwanywesha soda. Nimekutana na waashi walioliwa vidole na saruji, wachoma chokaa, wafua nguo, na kila mara mstari ule ulituzuia kumwonea mtu. Zile tamthilia bado nazitazama na wajukuu. Nazipenda. Wale watu wanapiga magoti, wanatazama, na mtu anayetazama kwa makini nitamsifu hata awe wa kuigiza. Ila kwao kila anayekosea hurekebishwa kabla ya matangazo, na huku kwetu mtu alihesabu siku mahabusu.

Nilistaafu nikajenga hapa Newala, maana baridi nilikwisha kuizoea. Watu walipokuwa wakiisimulia habari hii walimsifu Mkuu, na ni haki yake. Kisha walinisifu na mimi, kwamba ndiye niliyeliona dole. Nilikuwa napokea sifa hizo, nanyamaza. Mwaka wa kwanza wa kustaafu, sina gwanda wala mkubwa wa kumtanguliza, nikapanda baiskeli nikaenda Chilangala peke yangu.

Mama Somoe alikuwa amezeeka, macho yamepungua nuru. Alinitambua kwa sauti. Nikamsalimu, nikabaki nimesimama, nikamwambia niliyoyajia. Kwamba aliyeandika "kwa makusudi" ni mimi. Kwamba Mkuu alikuwa mgeni hajui, mimi nilijua. Kwamba radhi aliyoombwa uwanjani ilikuwa ya Mkuu, yangu sijawahi kuiomba.

"Najua," akasema.

"Umejuaje, mama?"

"Uliponishika vidole kuvipaka wino ulivigeuza taratibu, kama mtu aliyekwisha kuviona kwao. Mkubwa wako alitazama karatasi tu, hakuwa na habari. Nikasema moyoni, huyu mtoto wa mbanguaji, atasema. Leo hukusema. Nikasema, kesho. Zile siku nilizokuwa nawauliza kila asubuhi, mlidhani nahesabu Jumamosi tu?"

Machozi yalinitoka, mtu mzima na mvi zangu, wala sikuyafuta.

Halafu akapapasa nyuma yake, akakivuta kigoda, akakisukuma upande wangu.

"Umechelewa sana," akasema. "Kaa."